Muti ya yaya yangu tu njo ilibakia

Admin, jambo. Uweke iyi kisa yangu ku page, lakini jina yangu ubakie nayo weye. Majina ingine nimeibadilisha, yaya yangu, kaka mwenye alinitangulia kuzaliwa, nitamuita Deo. Mi niko mwanamuke ya miaka makumi tatu na moja, niko na batoto babili, naishi ku Kapata mu nyumba ya bazazi. Nitasema kwa nguvu juu niko na kasirani. Mwenye hapendi kusikia mambo ya damu, apite.

Siye ni familia ya pepinyeri. Tunaotesha miche ya avoka na kuiuzisha, ile tu. Tata, baba yetu, aliianza nyuma ya nyumba wakati kampuni ya madini ilimufukuza ku kazi. Yetu haikuwa ya kutupa mbegu na kungojea Mungu, ilikuwa ya kugrefe: unakata katawi ka muti muzuri, unakaingiza mu shina ndogo yenye iko mu sache, ile kamufuko ka bulongo, unafunga na plastiki, binashikana. Kila mutoto mwenye alizaliwa kwetu, tata aligrefe muti moja na kuiita jina yake. Ku ile miti njo tulikuwa tunakata matawi ya kazi. Deo alikuwa na yake, mudogo yetu Mado na yake, mi na yangu. Batu balikuwa banatoka mpaka Manika kununua. "Tata, unipe Deo tatu!" "Mado bei gani leo?" Tulikuwa tunacheka sana. Muti ya Deo ilikuwa tamu kupita zote. Yangu ilikuwa na matunda ya maji-maji, hakuna mutu alikuwa anaitaka, na mama alikuwa ananichokoza juu yake.

Deo hakupenda miti. Alienda kuchimba madini ku Mutoshi. Siku moja akakuya kutusaidia kufanya shimo, akatosha majiwe nyeusi. "Tata, iyi ni kobalti! Tunalala juu ya feza!" Tata akamuambia: "Deo, ile majiwe kampuni ilimwaga hapa zamani, juu ya kusawazisha bulongo mbele ya kujenga manyumba. Mi nilikuwa pale. Ni uchafu ya furno tu, yenye inabakia kisha kuyeyusha madini." Deo akakataa. Akasema muzee anaficha, anataka kutuachia miye na Mado. Toka pale, kila alipokuya kwetu ilikuwa matusi.

Siku ya Mungu moja tulitoka ku misa, tukakuta mulango ya lupango, kiwanja ya nyumba yetu, imevunjwa. Mu ndani, Deo na banaume benzake, na mapanga, na shoka, na barmine, ile chuma murefu ya kuvunjia majiwe. Muti ya Mado ilikuwa chini tayari. Sache zetu balikuwa banazikanyaga. Mawee! Tata alikimbia, akakumbatia muti yangu. Yangu, ile ya maji-maji! Akalia: "Deo, iyi ni ndugu yako!"

Deo hakumusukuma. Alimupiga barmine ku kichwa. Ile sauti niko nayo mu masikio hata leo. Mutu akipasua kuni, mi nakimbia mbali.

Nilimurukia, nikamuuma ku shingo mpaka damu yake ikaingia mu kinywa yangu. Mwenzake akanikata na panga, bidole bibili bya mukono ya kushoto sina tena. Bakakata muti yangu pale pale, matawi ikaanguka juu ya tata mwenye alikuwa analala chini. Kisha moja akaenda na shoka ku muti ya Deo. Deo akamuinulia barmine: "Iyi hapana! Iyi ni mi!"

Siye tulipeleka tata ku hospitali, bo bakabakia banachimba. Bakachimba mpaka mutu anapotea mu shimo. Bakapeleka majiwe kwa banunuzi, banunuzi bakabachekelea. Ilikuwa uchafu ya furno, sawa vile tata alisema. Tata alikufwa bila kuongea tena. Deo alikimbia, polisi banasema banamutafuta.

Siku tulimuzika tata, simu ikalia. Ilikuwa Deo. Hakuuliza juu ya tata. Aliuliza: "Muti yangu ingali pale?" Nikamuambia: "Ingali. Kuya uione." Panga ilikuwa chini ya kiti yangu. Hakukuya. Kama alikuya, saa iyi ningekuwa mu gereza, na singejuta.

Sasa mvua iko karibu. Kulibakia sache kidogo zenye habakukanyaga, mashina iko tayari. Lakini tawi nitakata wapi? Mutasema, enda uombe kwa batu mulibauzishia. Nilienda. Nilizunguka Manika na pikipiki ya taxi-moto, lupango na lupango. Kote ni Deo. Juu ilikuwa tamu, bote balinunua ile. Mama moja akaniletea avoka mu sahani: "Pole kwa tata, mama. Kula, iko ya kwenu." Nilikula, kisha nikaitapika ku barabara.

Mama anasema: "Ukate ile muti. Ukigrefe mutu mwenye aliuwa bwana yangu, mi natoka mu iyi nyumba, na siku nikikufwa, ku kilio yangu usikuye." Mado anasema: "Yaya, muti haikushika barmine. Mikono ya tata njo iliigrefe. Ukiikata, kazi ya tata imekufwa pamoja naye, na batoto yako batakula nini?" Bote babili banalia, na bote babili naona beko na haki.

Leo asubuyi nilienda chini yake na panga mu mukono moja, na kisu ya kugrefe ya tata mu ingine. Ku matawi, macho kwenye majani inatokea imeanza kuvimba. Ikifunguka, tawi haishikane tena. Na iyi mwaka imezaa kupita miaka yote, ile mulaaniwa. Mama alikuwa ku mulango ananiangalia. Nilirudia mu nyumba bila kufanya kitu.

Kesho ataniangalia tena. Bandugu na badada benye munasoma, mungekuwa miye, mungeinua mukono gani: ya panga, ao ya kisu ya tata?