Saa Tatu za Fundi Saa

Mdogo wangu ni fundi saa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi katika habari hii. Tunatumia chumba kimoja cha kazi. Yeye anakaa dirishani kwenye mwanga, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni. Mimi na cherehani yangu tuko mlangoni, ambako wateja wake hunifikia kwanza na kuniuliza mambo nisiyoyajua. Ukutani hapakai kalenda wala picha. Kwa miaka miwili sasa inakaa ratiba yake ya mazoezi.

Mchezo wenyewe ni wa watu wasiotosheka. Unaogelea karibu kilomita mbili, unatoka majini unapanda baiskeli kilomita tisini, ukishuka unakimbia ishirini na moja. Ukipitisha masaa manane na nusu, unaondolewa. Mwaka jana mdogo wangu aliondolewa kwenye kilomita ya kumi na nane ya mbio, akapakiwa kwenye gari kama kifurushi. Ana miaka arobaini na sita. Alisema atajaribu mara moja tu tena, na akishindwa ataiuza baiskeli. Namjua, hakuwa anatania.

Nimeandika "masaa" makusudi. Kocha wake akisoma hapa atanuna, na anune tu. Ni mama mstaafu, amefundisha lugha miaka thelathini, jioni akifundisha kuogelea, na sote tunamwita Mwalimu. Kwake neno hilo ni tusi.

"Hakuna masaa," humwambia kila mtu, hata mlinzi wa bwawa. "Kuna saa moja, kuna saa kumi, kuna saa mia. Saa ni saa."

Mwaka huu ulianza na kisigino. Kila asubuhi hatua ya kwanza ilimchoma kama amekanyaga msumari. Mwalimu hakubabaika, alifuta mbio zote kwa kalamu nyekundu, akaandika "kukimbia majini." Mdogo wangu akafungwa mkanda wa kuelea, akawa anakimbia kwenye kina kirefu bila kugusa chini, mbele ya kina mama wa mazoezi ya viungo, ambao hawakuchelewa kumbatiza jina.

"Bata, safari ya wapi leo?"

"Nikifika nitawaambia, mama zangu."

Baada ya wiki sita kisigino kikatulia. Ndipo kikaja kifua. Zilikuwa zimebaki wiki kumi alipolazwa na homa ya mapafu. Daktari akampa wiki mbili za kulala, kisha aanze kidogokidogo. Mwalimu akaleta ratiba mpya, mbele kaandika siku, nyuma maelezo. Mdogo wangu, ambaye hata macho yalikuwa hayajamrudia vizuri, akaipaka gundi mgongo mzima na kuibandika ukutani. Si yeye wala mimi aliyeigeuza kwanza. Siku ya Jumamosi ilisomeka: Baiskeli, saa 3.

Jumamosi hiyo nilikuwa kazini tangu alfajiri, nina sare za kumaliza. Saa kumi na mbili akaingia kuchukua koti nililolitia zipu. Nje kulikuwa na manyunyu.

"Na hali hiyo unakwenda wapi?"

"Ratiba, dada. Saa tatu za baiskeli."

"Si nyingi hizo?"

"Mwalimu anajua anachofanya."

Nikamfunga zipu mpaka kidevuni, nikamwacha aende. Hilo nalijutia mpaka leo.

Saa tatu juu ya alama mlango ulifunguliwa. Hakuwa yeye. Alikuwa Mwalimu, kofia ya baiskeli kichwani, amekuja kumsindikiza mgonjwa wake. Kabla sijamjibu salamu, mdogo wangu akatokea nyuma yake, amelowa chapachapa, midomo imepauka, meno yanagongana.

"Unatoka wapi wewe?" Mwalimu akauliza.

"Nimezimaliza saa tatu zako, Mwalimu."

"Niliandika saa tatu!"

"Nami nimeendesha saa tatu!"

Nikachukua pasi ya mvuke, nikaipitisha juu ya ile karatasi mpaka gundi ikalegea, nikaibandua. Nyuma yake, kwa mwandiko wa ubaoni, palikuwa na maneno haya: "Kila zoezi ni nusu saa tu. Saa nilizoandika mbele ni za kuanzia. Usitoke kabla baridi haijakatika."

"Fundi saa mzima," nikasema. Hakuna aliyecheka.

Mchana homa ikapanda. Daktari alitugombeza sote watatu, akakataza mazoezi ya aina yoyote kwa wiki tatu. Baada ya hapo zingebaki wiki nne tu, na kifua kikirudia tena, alisema, asahau kabisa mashindano. Mwalimu alikaa pembeni ya kitanda, kofia bado mkononi.

"Kosa ni langu, Fundi."

"Hapana, Mwalimu. Hata ningesoma nyuma, ningetafuta sababu ya kuendesha zote." Alikuwa anatazama dari. "Naogopa. Mwaka jana nililia ndani ya lile gari."

Sikuwahi kumsikia akisema hivyo, na tumelelewa chumba kimoja.

Tangu siku hiyo Mwalimu hakumruhusu kufidia hata zoezi moja lililopotea. Alimwekea masharti: kila asubuhi ahesabu mapigo ya moyo kabla ya kuinuka, yakizidi sitini alale, akikohoa mara tatu mfululizo njiani, ashuke arudi akitembea. Hapo ndipo ufundi wake ulipomfaa. Alihesabu kwa saa ya mfukoni ya mteja, ile iliyokuwa haipotezi hata nukta, na mara mbili nilimwona akilikunja koti na kulirudisha bila kinyongo. Ratiba sasa ilining'inia kwa pini mbili za juu, ili igeuzwe. Ila Mwalimu, kuandika "masaa," afadhali afe. Aliandika dakika 40, dakika 90, dakika 180, ukuta wetu ukawa kama ubao wa hesabu.

Siku ya mashindano daktari alimsikiliza kifua, akamruhusu kwa shingo upande. Kabla ya kuingia majini akavua saa yake akanipa.

"Nikiwa nayo nitaikimbiza," alisema. "Kaa nayo, dada."

Walianza saa moja kamili asubuhi. Aliogelea vizuri. Kwenye baiskeli alipitwa na watu tele, akawaacha wapite, jambo ambalo mwaka jana lingemtoa roho. Kwenye mbio alihesabu nguzo za taa: nne anakimbia, ya tano anatembea. Mimi na Mwalimu tulisimama mwishoni. Nilishindwa kuikodolea saa macho na nikashindwa kuacha.

Alitokea amekunja uso, kisigino kinamsumbua, anatembea, anakimbia, anatembea. Akavuka mstari, akaniangukia begani.

"Saa ngapi?"

Nikatazama saa yake mkononi mwangu. "Saa tisa na dakika ishirini na moja."

"Saa tisa," akarudia taratibu, na macho yakamjaa machozi. Mimi, kwa ujinga wangu, nilidhani ni ya furaha.

Mwalimu ndiye aliyeelewa. Alinisukuma kando, akamshika mashavu kwa mikono miwili, akapiga kelele mbele ya umati wote, wakiwemo wanafunzi wake wa zamani:

"Masaa manane, Fundi! Masaa manane na dakika ishirini na moja!"