Mzimu wa Jukwaa la Maua

Wateja walimwita kinyozi huyu Bwana Ehee, na jina lilimkaa vizuri kuliko koti lake jeupe la kazini. Mteja akiketi kitini, akafungwa kitambaa shingoni na kuanza kusimulia jinsi bosi wake alivyomwonea, kinyozi aliitikia, "Ehee." Mteja akifika penye utamu alipata "kumbe!" Na akimaliza, kama habari yenyewe ilikuwa nzito kweli, aliongezewa "aisee" moja, kisha akashikiwa kioo atazame kisogo chake. Maongezi yote yalikuwa hayo. Watu walitoka pale wamepungua nywele na siri, wakaenda kuwaambia wenzao kwamba yule kinyozi ana mazungumzo mazuri sana.

Si kwamba hakuwa na la kusema. Alikuwa nalo, tena tele, ila kila lilipofika kwenye ncha ya ulimi liliona haya likarudi lilikotoka.

Ndiyo maana starehe yake kubwa ilikuwa ndani ya simu. Asubuhi, akishafagia na kupanga vitana, aliketi kwenye kiti cha wateja, akajizungusha kidogo na kufungua Jukwaa la Maua ya Ndani, mahali ambapo watu wanaopanda maua kwenye vyungu, makopo na ndoo zilizotoboka hukutana kuulizana, kusifiana na, zaidi ya yote, kugombana. Alikuwa mwanachama miaka na miaka na hakuwahi kuandika hata herufi moja. Hakuwahi pia kupanda ua lolote, lakini hilo tumstahi, tuliache kwanza.

Walioandika walikuwa wachache, na aliwajua kama anavyovijua visogo vya wateja wake. Alikuwepo Mama Mbolea, ambaye kwake kila ugonjwa ulikuwa njaa na dawa yake ni chakula. Alikuwepo Fundi Bomba, fundi wa mabomba kweli kweli, ambaye kila swali alilijibu "punguza maji", hata mtu akiuliza apake chungu chake rangi gani. Na alikuwepo Malkia wa Mikakati. Huyu alitaka kujiita Malkia wa Kaktasi, simu ikajitia kujua, ikamsahihisha, naye alipoona jina jipya lina heshima zaidi akaliacha liwe. Mama Mbolea na Fundi Bomba waliwahi kununiana msimu mzima wa mvua kwa sababu ya maganda ya mayai, kama yanafaa kwenye udongo au hayafai, na siku zote hizo Bwana Ehee alikula chakula bila hamu kana kwamba wazazi wake ndio wamekosana. Walipopatana alitamani kuandika "kumbe!" Aliiandika, akaitazama, akaifuta.

Juu ya wote alikaa Mwenyekiti, aliyelifungua jukwaa, na sijui kama kuna mtu mwenye madaraka duniani kumshinda aliyefungua jukwaa. Wiki hiyo Mwenyekiti aliamka vibaya. Aliandika kwamba amechoka kuhutubia mizimu. Watu wamejaa jukwaani, wanachungulia, wanachukua maarifa ya wenzao, hata salamu hawatoi. Basi kila mzimu ajitokeze na kuuliza au kujibu jambo kabla ya Ijumaa kwisha. Atakayebaki kimya atafagiwa nje ya jukwaa.

Bwana Ehee alisoma tangazo akiwa amesimama, akakaa, akalisoma tena. Alijiona anafagiwa pamoja na nywele za wateja.

Bahati mbaya wiki hiyo hiyo alikuwa na msiba mwingine, nao ulikuwa umesimama dirishani kwake ndani ya birika la bati la bluu lenye mdomo uliovunjika. Lilikuwa ua la mama mkwe.

Mama mkwe wake alikuwa mshonaji aliyestaafu, mwanamke mkimya aliyezoea kuzungumza na pini mdomoni, na sasa pini hazipo lakini mdomo umebaki vilevile. Akija nyumbani kwao, Bwana Ehee husema, "Shikamoo mama," naye hujibu, "Marahaba mkwe, hujambo?" na yeye husema, "Sijambo." Basi. Baada ya hapo wote wawili huitazama runinga, hata kama imezimwa, mpaka mkewe aingie. Mkewe alikuwa mkata tiketi wa stendi ya mabasi, mwenye sauti ya kumfikia abiria wa ng'ambo ya barabara, na aliongea kwa niaba yao wote. Mara nyingi Bwana Ehee alitamani kumfahamu huyu mama. Alimpenda, tatizo ni kwamba alimpenda kimyakimya, na mama naye kama alimpenda basi alikuwa amelificha hilo vizuri sana.

Kisha binti yake mwingine akajifungua mji wa mbali, na mama mkwe akafunga safari kwenda kumsaidia. Kabla ya kuondoka alikuja na birika mikononi, akampita binti yake aliyenyoosha mikono kulipokea, akamkabidhi mkwe.

"Nakuachia wewe, mkwe. Binti yangu namjua, ataliua."

Haikuwahi kutokea mama yule amwambie maneno mengi kiasi hicho kwa mkupuo mmoja. Bwana Ehee alilipokea birika kwa mikono miwili na kuapa moyoni kwamba ua hili halitaona shida. Asubuhi alilimwagilia. Akirudi kula mchana alilimwagilia. Jioni, akiliona limekaa lenyewe, alilionea huruma akalimwagilia tena. Majani yakaanza kuwa ya njano. Akaongeza maji. Yakalegea yakaning'inia. Akaongeza maji na kulibembeleza.

Sasa mama mkwe alikuwa anarudi Jumamosi, na ua lilikuwa limelala ubavu. Utamuuliza, wewe si umesoma habari za maua miaka yote hiyo? Alisoma, ndiyo. Alikumbuka nani alimwita nani mjuaji, na nani aliomba radhi kwanza. Dawa hakuikumbuka hata moja. Alijaribu kurudi nyuma kutafuta, akamkuta Mama Mbolea anasema ongeza na Fundi Bomba anasema punguza, wote kuhusu maua ya watu wengine. Ilimbidi aulize kuhusu hili la kwake, kwa kidole chake mwenyewe. Asipouliza, atafukuzwa jukwaani, na Jumamosi atamrudishia mama wa watu birika lenye maiti.

Ijumaa asubuhi alijikaza kisabuni. Aliandika, "Habari za asubuhi wanajukwaa wenzangu," akafuta, akaona anajipandisha cheo. Aliandika, "Samahanini kwa usumbufu," akafuta, akaona anajidhalilisha kabla hajatukanwa. Mwishowe aliamua kwenda moja kwa moja kwenye jambo. Aliandika, "Mama mkwe wangu anarudi Jumamosi. Ua"

Hapo hapo mlango ukafunguka kwa kishindo na dereva wa lori, mteja wake wa siku nyingi, akaingia na kumpiga kofi la mgongo.

"Kinyozi wangu! Leo ninyoe mpaka mawazo!"

Kidole kikateleza. Bwana Ehee alisukuma simu mfukoni haraka kama mtu aliyefumaniwa, akamfunga dereva kitambaa na kuwasha mashine. Dereva akaanza kisa cha askari aliyemsimamisha njiani. Bwana Ehee akaitikia ehee. Simu ikatetemeka mfukoni. Ikatetemeka tena. Baada ya muda ikawa haipumziki.

"Bwana," dereva akasema, "mbona mashine iko kichwani lakini naisikia begani? Una nyingine mfukoni?"

"Ehee," alijibu Bwana Ehee, akaitoa simu.

Sentensi yake ilikuwa imekwenda jukwaani vilevile ilivyokuwa, nusu. Ilikaa pale juu, peke yake, mbele ya umma: Mama mkwe wangu anarudi Jumamosi. Ua.

"Ua? Ua nani?" Mama Mbolea alikuwa ameuliza.

"Kaka yangu, kaa chini kwanza, kunywa maji," aliandika Malkia wa Mikakati.

"Punguza maji," aliandika Fundi Bomba, ambaye kama kawaida yake alisoma neno la mwisho tu.

Mwenyekiti naye aliingia na herufi kubwa tupu. "NAOMBA TUELEWANE. HILI NI JUKWAA LA MAUA, SI LA MAUAJI."

Na mizimu ikaanza kutoka. Watu ambao hawakuwahi kukohoa humo walimiminika. Mmoja alisema yuko humu tangu jukwaa linaanza na hajawahi kuandika, ila leo ameshindwa kujizuia, mama mkwe ni mama. Mwingine aliandika, "Mzimu mwenzenu hapa. Kwani huyo mama amefanya nini? Tuanzie mwanzo." Wa tatu akasema, "Wangu yuko sebuleni sasa hivi. Nafuatilia kwa makini."

Dereva, kichwa nusu kimenyolewa na nusu bado, alikuwa amenyoosha shingo na kusoma yote.

"Mzee," alimwambia taratibu, akijisogeza mbali na mashine, "una shida na mkweo?"

"Ni ua!" Bwana Ehee alipiga kelele. "Ua la majani! Liko kwenye birika!"

Hilo lilikuwa tamko lake refu kuliko yote aliyowahi kutoa ndani ya duka lile. Dereva alifurahi kama aliyeshuhudia muujiza. "Basi waandikie hivyo hivyo, kabla hawajakuletea polisi!"

Aliandika bila kufuta kitu. "Samahanini jamani. Ujumbe umekwenda kabla sijamaliza. Mama mkwe aliniachia ua lake, linakufa, na sitaki afike alikute limekufa. Ndilo jambo pekee aliloniamini." Akaongeza picha aliyokuwa ameipiga asubuhi, birika la bluu, mdomo uliovunjika na majani yaliyolala.

Jukwaa zima lilishusha pumzi. Mwalimu mmoja mstaafu, mzimu wa siku nyingi, alieleza kwamba ua hapa ni nomino na si kitenzi, hivyo watu wasamehe. Mama Mbolea alisema ua lina njaa. Fundi Bomba, safari hii baada ya kutazama picha, aliuliza kama birika lina tundu chini. Halikuwa nalo. "Basi ndugu yangu ua linaogelea," akasema. "Punguza maji." Na kwa mara ya kwanza katika historia ya jukwaa, hakuna aliyembishia.

Kisha ukaja ujumbe wa mwanachama ambaye hakuna aliyewahi kuliona jina lake. Alijiita Sindano.

"Hilo birika ni langu."

Watu wakarudi juu kuitazama tena picha. Hata Mwenyekiti.

"Mimi ndiye huyo anayerudi Jumamosi," Sindano akaendelea. "Nimesoma tangu juu. Mkwe, toboa birika, litoe ua, kata mizizi iliyooza, udongo uwe mkavu. Una mikasi, itumie."

Fundi Bomba akaandika, "Asante sana mama."

Bwana Ehee alitamani sakafu ipasuke immeze pamoja na kiti. Tangu juu! Maana yake alianza na "Ua". Alimalizia kichwa cha dereva akiwa hayuko kabisa duniani, akamwacha na kipara upande mmoja, dereva akaona si neno, stori aliyoipata ilizidi thamani ya nywele. Kisha akafunga duka na kukimbia nyumbani. Alilipigilia birika msumari chini, akalitoa ua na kunyoa mizizi yote myeusi. Alipoanza hakujua kuacha, mikono ikafuata mazoea. Aliondoa majani ya njano, akasawazisha pembeni, akapunguza nyuma. Alipomaliza, ua la mama mkwe lilikuwa na majani matatu, lakini yamekatwa sawa sawa kabisa.

Jumamosi mama mkwe alifika. Mkewe alimpokea kwa maneno ya miezi yote miwili, akambusu, akampokonya mizigo, akaenda jikoni kuandaa chai huku bado anaongea. Sebuleni wakabaki wawili, na birika mezani katikati yao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mkwe. Hujambo?"

"Sijambo."

Runinga ilikuwa imezimwa. Bwana Ehee aliitazama. Mama mkwe hakuitazama. Aliinama, akalichunguza ua mbele na nyuma, akapitisha kidole kwenye yale majani matatu.

"Umelinyoa," akasema.

"Ehee."

"Litaishi. Limesimama." Mabega yake yakaanza kutikisika, na Bwana Ehee alidhani analia, akaogopa sana, mpaka aliposikia mama wa watu anacheka kicheko cha pumzi, kile cha mtu aliyezoea pini mdomoni. "Mwanangu, nilikuwa namwogesha mjukuu. Nasoma, 'Mama mkwe wangu anarudi Jumamosi. Ua.' Nikasema, maskini, na huyu mama mkwe wa watu naye kuna mtu anataka kumuua. Kumbe ni mimi!"

Alifuta machozi kwa ncha ya kanga, akatazama mlango wa jikoni, akashusha sauti.

"Nimesoma humo miaka mingi, sina wa kumuuliza. Hivi ule ugomvi wa maganda ya mayai. Wewe uliona nani ana haki?"

Bwana Ehee alifungua mdomo. Neno lilikuja mpaka kwenye ncha ya ulimi, na leo halikuona haya.

"Fundi Bomba ndiye aliyekuwa na haki, mama. Lakini vile alivyomjibu mwenzake mbele za watu, hapana. Mimi ile iliniuma. Tena nikuambie, chanzo hasa hayakuwa mayai."

Mkewe alikuwa amefika mlangoni na sinia la chai. Alisimama pale pale, akaiacha sentensi yake katikati.

Mama mkwe alisogeza kiti chake karibu.

"Ehee?"