Hecho wa Meksiko

Jumamosi ya kwanza ya Machi mwaka huu tulimzika baba yangu nyuma ya nyumba yetu, karibu na Lubao. Mfukoni mwake alikuwa na leso, kitambulisho, na kisu kimoja cha kukunja chenye mpini wa pembe. Mama yetu alikichukua kisu hicho kabla ya watu kuanza kufika, akakifunga kwenye pindo la kanga yake. Waliokuja kutupa pole na kusikia habari hiyo waliniuliza kisu kina nini hata kizuiwe hivyo. Sikuwa na nguvu ya kueleza siku ile. Naeleza sasa, kama ninavyokumbuka, bila kuongeza.

Nikianza kumkumbuka baba, kinachotangulia ni harufu ya robota la mitumba linapokatwa kamba. Ni harufu ya dawa ya nondo, vumbi la meli, na kwa mbali sabuni ya watu ambao hatutawajua. Baba aliuza suruali na jaketi za kiume katika soko la Lubao, na siku nyingine alienda mpaka Kakamega mjini. Robota lilifunguliwa nyumbani, juu ya turubai, na kazi yangu ilikuwa kupekua mifuko kabla nguo hazijapigwa pasi. Mkono wangu ulikuwa mdogo, uliingia mpaka kwenye pembe za mfuko ambako vidole vya baba havikufika. Nilitoa tiketi zilizolowa zikakauka, misumari, pipi iliyogeuka jiwe, na mara moja meno ya bandia, ambayo mama aliyasukuma kwa fimbo mpaka chooni. Na mara chache sana, kwenye suruali nene za dangirizi, nilitoa kisu cha kukunja.

Baba hakuweka kila kisu. Vingine aliviuza au alimpa jirani aliyehitaji. Alivyoviweka ni vile vilivyochongwa kwenye chuma, pale makali yanapoingia mpinini, maneno HECHO EN MEXICO. Vilikuwa visu vya zamani. Kimoja kilikuwa na mpini wa pembe ya manjano, kingine wa mti mweusi wenye vipande vya shaba, kingine kilichongwa jogoo mdogo kwenye bapa la chuma. Baba aliyasoma maneno yale kama yalivyosomwa majina kwenye rejista ya shule yake. Hecho ni jina la mtu, E. N. ni herufi za baba yake na babu yake, na Meksiko ni kwao. Nilipomuuliza mbona hakuna nukta baada ya herufi, alisema nukta zimefutika kwa uzee. Basi Hecho akawa fundi wetu. Jumapili baada ya kanisa baba alishusha mkebe wa biskuti kutoka juu ya kabati, akavipaka visu mafuta ya cherehani kimoja kimoja, akavifungua na kuvifunga karibu na sikio, akisikiliza springi. "Sikia hii," aliniambia. "Hecho hakosanga." Aliniita Mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake, Khayesi. Wauza mitumba wenzake walijua. Mzee Rajabu wa Mumias, aliyeuza makoti, alikuwa akipata kisu kwenye robota lake anakuja nacho hadi kwenye meza yetu na uso wa msiba. "Assalamu alaikum, Baba Khayesi. Hecho anakusalimia. Anauliza mbona humwandikii."

Kulikuwa na sharti moja kuhusu visu, na hilo halikuwa la Hecho, lilikuwa la nyumbani kwetu tangu kwa bibi. Kisu hakitoki mkono wa mtu kikaingia mkono wa mwenzake. Unakiweka chini, au mezani, unaondoa mkono, naye anakiokota. Ukimpa mtu kisu mkononi, umempa ugomvi. Tulifanya hivyo bila kufikiri, hata tukikata sukuma wiki kwa haraka. Mgeni aliyenyoosha mkono alisubiri mpaka akaelewa.

Mvua za mwaka ule, nikiwa darasa la nne, zilianza mapema na hazikupumzika. Soko liligeuka tope, watu hawakununua suruali, na mahindi ghalani yakaisha kabla ya yale ya shambani kufika hata magotini. Tulikula viazi vitamu asubuhi na jioni. Ndipo mkulima mmoja wa Lumakanda, aliyekuja Lubao kuuza ng'ombe, akajikinga mvua kwenye kibanda chetu na kumwona baba akikata uzi kwa kisu chenye mpini wa pembe. Aliomba kukiona, kisha akaomba kuona vingine. Wiki iliyofuata alirudi na neno lake. Angetuletea magunia ya mahindi makavu, ya kutufikisha kwenye mavuno, akipewa mkebe mzima. Baba alimwambia vile visu si vya kuuzwa.

Mama aliipata habari hiyo sokoni kabla baba hajafika nyumbani. Alikuwa jikoni akimenya viazi kwa kipande cha bati, mdogo wangu Shikuku mgongoni. Alisema bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

"Baba Khayesi, huyo Hecho amewahi kukuletea hata kuni?"

"Wacha maneno hayo."

"Nakuuliza tu. Maana watoto wako wanakulanga mahindi. Hawakulangi visu."

Baba aliingia chumbani, akarudi na kile cha mpini wa pembe kikiwa wazi. Akamshika mama mkono, akakiweka kiganjani. "Haya. Shika. Mpelekee mtu wako wa Lumakanda."

Mama alikuwa amekishika kabla ya kujua. Wote wawili waliangalia mkono ule. Shikuku alikuwa akilia, na mimi nakumbuka nilitamani alie zaidi ili pasiwe na kimya. Mama alikiweka kisu juu ya kinu, akamaliza kumenya viazi, akatupikia. Asubuhi alifunga nguo zake na za mtoto kwenye shuka, akaenda kwa wazazi wake Shianda, kwenye miwa. Mimi aliniacha kwa sababu ya shule.

Sikuelewa mambo ya wakubwa, lakini nilielewa kisu. Kwa akili yangu mahindi hayakuhusika hata kidogo. Kisu kilikuwa kimetoka mkono kwa mkono, basi, na sikujua kama kuna namna ya kukirudisha. Niliogopa kumuuliza baba. Alipika obusuma, ugali wetu, ikawa uji juu na mkaa chini. Mboga ya mrenda, ambayo huteleza ikipikwa vizuri, aliupika bila chumvi ya kienyeji, ukabaki mgumu kama majani ya chai, tukaula tukitazama pembeni. Mkebe hakuushusha tena Jumapili. Mzee Rajabu alipitia Shianda mara kwa mara, na kila soko alituletea neno moja, kwamba Mama Khayesi ni mzima, analima. Baba aliitikia "Vizuri", akaendelea kukunja suruali ambayo tayari ilikuwa imekunjwa.

Siku moja mvua ilipokatika kidogo, baba alifungua robota la mwisho alilokuwa nalo. Nilikuwa nikipekua mfuko wa suruali ya dangirizi nikaona kitambaa cheupe kimeshonwa kwa ndani, kiunoni. Nikasoma, nikasoma tena. "Baba, Hecho anashona pia."

Alikuja akachuchumaa. Ilikuwa kweli, HECHO EN MEXICO, kwa uzi mwekundu. Kwa mara ya kwanza tangu mama aondoke nilimwona akicheka, kicheko cha puani. "Mtu huyu," alisema. "Mchana chuma, jioni cherehani." Tukaanza kupindua suruali zote tukimtafuta. Tulimpata kwenye nyingine, na nyingine. Kisha nikapata moja ambayo sikuielewa, nikamsomea herufi kwa herufi. Ilikuwa imeandikwa HECHO EN HONDURAS.

Baba aliichukua, akaigeuza kwenye mwanga wa mlangoni. Hata leo najua alifikiri kwa dhati. "Amehama," alisema.

"Kwa nini?"

Aliilaza suruali ile mapajani. "Labda mke wake ni wa huko," alisema. "Labda alirudi kwao, Mama, naye akamfuata."

Alizikunja suruali, akanawa mikono, akaenda kuushusha mkebe. Siku ya soko iliyofuata mkulima wa Lumakanda alipakua magunia mlangoni kwetu, na baba akampa visu vyote isipokuwa kimoja. Alimwonyesha jinsi ya kuvipaka mafuta. Alimtajia pia jina la fundi. Mkulima alimsikiliza kwa heshima.

Jumapili ile hatukuenda kanisani. Tulienda Shianda. Boma la babu liko kando ya shamba la miwa, na tulipofika watu wote wa nyumba walikuwa uani, hivyo hakukuwa na pa kujificha. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, kikapu cha viazi mbele yake. Alisalimia kama mtu anayesalimia wapita njia. Babu alimwuliza baba habari za safari, akajibiwa nzuri. Baba akatoa kile kisu chenye mpini wa pembe. Akakifungua. Akainama, mtu mzima aliyevaa koti la kanisani, akakiweka chini kwenye mchanga mbele ya miguu ya mama, akaondoa mkono na kurudi nyuma hatua kadhaa.

Mama alikitazama. "Na vingine?"

"Vimeenda Lumakanda."

"Na mahindi?"

"Yako kwa nyumba."

Nilikuwa nimeshika nguo ya baba kwa nyuma, nikiangalia mkono wa mama tu. Ulikaa juu ya kikapu muda mrefu. Mama mdogo mmoja akacheka chini kwa chini, akasema, "Kiokote basi, kitashika kutu." Mama akakiokota. Akachukua kiazi, akaanza kukimenya, na ganda lilikuwa likitoka jembamba sana. "Huyu mtoto amekonda," alimwambia baba bila kuinua macho. "Umekuwa ukimlisha nini?" Kesho yake alirudi nasi.

Miaka mingi baadaye, mwaka jana, binti yangu anayefanya kazi Kakamega mjini aliandika neno lile, Hecho, kwenye simu yake kwa udadisi. Baba alikuwa ameanza kuugua na tulikuwa tumemtoa nje kuota jua. Aliuliza tunachekea nini. Mimi sijui kumdanganya mtu anayeniuliza. Nikamwambia, "Baba, Hecho si mtu. Ni neno la watu wa Meksiko. Maana yake ni imetengenezwa."

Alifikiri. "Imetengenezwa," alisema. "Haikujitengeneza."

"Hapana."

"Basi yuko mtu."

"Yuko, baba."

"Na jina lake hawakuandika."

"Hawakuandika."

"Basi mwacheni aitwe Hecho. Ameshazoea."

Siku ya kunyoa nywele za msiba, baada ya mazishi, tulikuwa jikoni tukiwaandalia wazee chakula. Shikuku sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Alikuwa amenionyesha kwenye simu kwamba nchi za mbali kuna watu wanaotafuta visu vya namna ile, vya zamani, vilivyotoka Meksiko, na kwamba mkebe ule leo ungekuwa mali. Nilimwambia mkebe ule tuliula, yeye akiwemo. Nikizunguka madukani mjini siku hizi naona visu vya mipini ya plastiki vinavyovunjika kabla ya kutu, na wauzaji wanakupa mkononi bila kufikiri. Wanangu nao wanapeana hivyo hivyo, na mimi nimeacha kuwakataza. Wakigombana, wanagombania mambo mengine. Siwezi kusema tuliishi vizuri kuliko wao. Tulikuwa na njaa mwaka ule. Lakini nikipokea kitu siku hizi, bado macho yangu hutangulia chini.

Mama alifungua pindo la kanga, akakitoa kisu. Shikuku alinyoosha mkono kukipokea. Mama hakumtazama. Alikifungua, akakiweka kwenye mkeka kati yake na mimi, akaondoa mkono. Nikakiokota.

"Anza na viazi vile vidogo," alisema.

Nikaanza na vile vidogo.