Mama wa Kutwisha Ndoo

Pale bombani, chini ya bwawa la Manchira, kulikuwa na mama mmoja ambaye hakuchota maji yake mpaka awatwishe wenzake wote. Mwalimu Kokushubira, mgeni kutoka Bukoba, hakuwahi kumuuliza jina. Aliijua tu ile mikono yenye sugu iliyomwekea ngata sawa kichwani, na ile sauti nzito: "Kaza shingo, mwalimu. Haya, nenda." Kisha mama humgeukia mwingine, hata yule aliyetoka kumsukuma kwenye foleni.

Asubuhi moja Kokushubira, ndoo kichwani, aligeuka njiani akamwona mama yule kabaki peke yake, kapiga goti kwenye tope, anahangaika kujitwisha. Maji yakammwagikia kifuani. Akakinga upya, akajaribu tena. Kokushubira akasita. Nikitua yangu, aliwaza, nani atanitwisha? Akaenda zake.

Wiki ya tatu sasa mama yule haonekani, na Kokushubira hajui amuulizie kwa jina gani. Kila asubuhi, akijitwisha mwenyewe huku maji yakimtiririka mgongoni, ndipo jibu linapomjia: wa kumtwisha alikuwa palepale mbele yake, goti kwenye tope.