Nongo Isiyotoka

Mama yangu, Mwanasiti, anasinga maharusi, anawasugua ngozi hadi ing'are. Mtaa wetu mzima wa Makorora unamjua, na wapo wanaomfuata kutoka Horohoro mpakani, maana mwali akitoka mikononi mwake harufu ya asumini na liwa haimwishi wiki. Sasa mtu wa namna hiyo, mwambie mwanawe ana shingo nyeusi. Kila Alhamisi, tangu nivunje ungo, ananikalisha kwenye kigoda uani, anashika dodoki, ananisugua utadhani sufuria la ubwabwa ulioungua. "Nongo gani hii, Samiha? Watu watasema mganga hajigangi."

Na yeye mwenyewe anayo. Utepe mweusi, mnene, nyuma ya shingo, anaufunika kwa ushungi hata akiwa jikoni. Nilikuwa naona, nanyamaza. Ningesema ningesuguliwa mara mbili.

Lakini kilichoninyima raha si shingo, ni presha yake. Zamani alipewa vidonge, akavifanya panadoli: kichwa kikiuma anameza, kisipouma vinakaa kwenye kopo la njugu. "Presha yangu naijua mwenyewe." Juzijuzi miguu ikamvimba, kandambili zikamwachia alama. Siku moja akaniambia mkojo wake una povu kama maji ya sabuni, akacheka. Mimi sikucheka. Tangu hapo sikukaa kitako. Nikipika nasahau chumvi. Akichelewa kuitika natupa mwiko nakimbia, namkuta anakula halua zake.

Mwisho nikampakia kwenye bajaji, anataka hataki, hadi hospitali. Daktari, binti wa milimani aitwaye Ritha, akampa shikamoo yake, akapima mkojo, damu na moyo, kisha akamwomba afungue ushungi.

"Nimeleta miguu," mama akasema. "Shingo sikuileta."

Ritha hakubishana. Alikaa akimtazama kwa adabu mpaka mama mwenyewe akachomoa pini. "Samahani, mwanangu. Nasugua, haitoki."

"Haitatoka, mama. Si uchafu."

Akatueleza taratibu. Mwili wa mama umekuwa mkaidi kwa insulini, ile inayoitoa sukari kwenye damu; kongosho linazidi kuimwaga, mwili hausikii. Ngozi ya shingo mara nyingi hutangulia kusema, hata kabla sukari haijapanda kwenye kipimo. Ukijumlisha na presha ya miaka, hasara imeshaingia ndani: figo zinavuja protini, ukuta wa moyo umenenepa. "Figo hazijafa," akasema. "Ila ukiendelea kumeza dawa kwa kubahatisha, zitakufa."

Nilingoja mama aulize habari za figo zake. Hakuuliza. Aligeuka, akavuta mtandio wangu chini mbele ya daktari. "Na huyu?"

Ritha akaitazama shingo yangu, akasema ni jambo lile lile, kisha akanifunga mkanda wa mashine ya presha mkononi. Akapima, akangoja kidogo, akapima mkono wa pili. Kote ilikuwa juu. Nilitaka kucheka. Sijafika hata thelathini, na presha si ugonjwa wa wazee? Akaniambia nirudi nipimwe tena. Nikarudi, nikarudi tena wiki hiyo hiyo, haikushuka. Nikapewa vidonge vyangu, navyo nikaviweka kwenye kopo la njugu, karibu na vya mama, sitaki hata kuvitazama.

Alhamisi ikafika. Mama akaweka kigoda uani, nami nikakaa kwa mazoea, nikainamisha shingo, meno nimeyabana. Dodoki halikuja. Yalikuja maji, kisha kiganja chake, kikipita polepole pale alipopachubua miaka yote.

"Kumbe ilikuwa inatwambia," akasema. "Nami naisugua inyamaze."

Nililia, sifichi. Hasira ilinipanda pamoja na huruma, nisijue nianze na ipi. Nikajifuta uso kwa kanga, nikamwuliza lile moja lililokuwa likinikera tangu asubuhi.

"Umemeza dawa?"

Akakaa chini sakafuni, karibu na kigoda changu. Kopo la njugu alikuwa nalo mapajani, na bilauri mbili za maji.

"Bado," akasema. "Nilikuwa nakungoja wewe."