Mlango wa Kabati la Bi Inshirah

Saa tatu asubuhi, Bi Inshirah Badawi anamenya yai la kuchemsha huku simu ameibana kwa shavu. Upande wa pili kuna wakili. Maskini wakili.

"Ustadh Wagih, umekuwa bubu? Nataka nafasi moja tu!"

Bi Inshirah, 59, ni mpika chai wa bodi ya wahitimu wa chuo kimoja cha sheria hapa Iskandaria. Analipwa pauni elfu saba kwa mwezi, na dawa za sukari hula nusu yake.

Bodi huwaazima wanafunzi vitabu. Wakihitimu, huwatafutia mawakili wa kuwafundisha kazi, maana bila saini ya wakili mwenye ofisi, husajiliwi. Wajumbe huandika barua za adabu. Barua zikikosa majibu, Bi Inshirah huacha birika na kushika simu.

Usajili unafungwa leo saa sita mchana. Thelathini na saba wameshapata ofisi. Amebaki Rawya Shenouda, 23, aliyekataliwa mara kumi na moja.

"Waliniuliza baba yako nani," anasema. "Nikawaambia, ndiye anayezipiga pasi suti zenu."

Bi Inshirah anafungua kabati la vitabu. Ndani ya mlango, kila aliyesaidiwa ameandika ahadi yake.

"Nakusomea: 'Nami nitampokea mmoja. Wagih.' Miaka kumi na tisa, Ustadh! Huyo mmoja bado hajazaliwa?"

"Mama, mlango wa kabati si mkataba."

"Basi njoo uikane saini yako hapa. Nitawaita wenzako wasikilize kesi. Chai nitapika mimi."

Ofisi yake imejaa, wakili anajitetea. Meza hana.

"Kiti ninacho mimi," anajibu Bi Inshirah. "Aje nacho?"

Saa tano na robo Ustadh Wagih anaingia akihema, muhuri mkononi. Anautazama mlango wa kabati.

"Siku ile nilikuwa na njaa," anasema. "Ukanipa yai."

"Nusu," anamsahihisha Bi Inshirah. "Usinisingizie ukarimu."

Wakili anacheka, anatia saini fomu ya Rawya, anagonga muhuri. Rawya anashuka ngazi mbilimbili. Saa sita kasoro dakika nane simu inalia: vigelegele vitupu. Amesajiliwa!

Anaporudi, kalamu inamsubiri. Nafasi imebaki karibu na bawaba tu, chini kabisa. Rawya anapiga magoti.

"Herufi kubwa, mwanangu," anasema Bi Inshirah. "Miaka kumi ijayo macho yangu yatakuwa mabovu, na nataka nikusomee kwenye simu bila kukwama."