Ng'ambo Wamekwisha Kukubali

Miaka ile ya sabini nilikuwa mpiga taipu katika ofisi moja ya serikali mjini Kisii. Nilikuwa na kidato cha nne, jozi mbili za viatu vya kisigino, na Kiingereza cha kutosha kumwandikia mkubwa wangu barua alizozitia sahihi bila kuzisoma. Mkubwa huyo alikuwa mtu wa pwani. Kiswahili chake kilikuwa kizuri mno, kizuri kiasi cha kutofaa kitu. Akienda mashambani kuhutubia, wazee walimsikiliza kimya, kama mtu anavyosikiliza kwaya ya kigeni, kisha wakaulizana kwa Ekegusii kama amesema kodi ilipwe au isilipwe. Sisi wa milimani Kiswahili kwetu kilikuwa lugha ya dukani na ya kituo cha polisi. Tulikitumia kununua chumvi na kukana mashtaka.

Kwa hiyo alipopewa kazi ya bwawa, alinichukua niwe mkalimani wake.

Ilisemekana mto unaopita chini ya Magwagwa, kwetu nilikozaliwa, utazibwa ili upatikane umeme. Mto ule ndio mpaka. Upande huu tuko sisi Abagusii, ng'ambo wako Wakipsigis, na kule ni mkoa mwingine wenye wakubwa wake. Maji yakizibwa yangepanda bondeni pande zote mbili na kumeza migomba, mashamba ya wimbi, malisho na makaburi. Pamoja na mradi alikuja mtaalamu, mzungu mrefu mwenye soksi za kufika magotini, na yeye alishikilia kwamba watu wa pande zote mbili lazima waulizwe kwanza.

Mkubwa wangu aliliafiki jambo hilo kwa moyo wote. "Tutawauliza," alisema garini tukienda, "halafu tutawaambia jibu."

Mkutano wa kwanza ulifanyika upande wetu, katika kiwanja cha shule. Ulichelewa kuanza kwa sababu mchungaji wa Wasabato na katekista wa Wakatoliki hawakuelewana ni nani aombe. Mwishowe waliomba wote wawili. Yule wa pili alirudia kumwambia Mungu yote aliyoambiwa na wa kwanza, asije akawa ameyasikia upande mmoja tu.

Kisha mtaalamu akasema kwa Kiingereza, mkubwa akageuza kwa Kiswahili, nami nikageuza kwa Ekegusii. Kila neno lilifika limechoka. Mkubwa aliposema wamekuja kuzungumzia mazingira, nilikwama. Neno lenyewe lilikuwa geni hata kwangu. Mzee mmoja wa mbele, aliyewahi kuwa mpishi Nairobi na kujiona bingwa wa Kiswahili, akasimama kunisaidia.

"Mimi najua hiyo maneno," akawatangazia watu. "Ni mazingaombwe. Hawa ni wale watu wanatoa njiwa kwa kofia."

Watu walifurahi sana, wakasogea karibu. Nilijaribu kusahihisha lakini nilikuwa nimechelewa. Kwa muda wote uliobaki watoto walikuwa wakiikodolea macho kofia ya mtaalamu.

Mkubwa aliona umati umechangamka, akadhani ni hotuba yake. Ndipo akatoa maneno aliyokuwa ameyaweka akiba. "Ndugu zangu, wenzenu wa ng'ambo wamekwisha kukubali. Je, nyinyi mtakubali kuachwa nyuma?"

Nikayageuza. Watu wa juu kwenye matuta, wenye mashamba ya chai, walipiga makofi hadi viganja vikawa vyekundu. Hakuna jani lao hata moja ambalo lingelowa. Walikuwa tayari kabisa kuwatoa watu wa bondeni sadaka ili wao wapate balbu. Watu wa bondeni walinyamaza.

Mama yangu alikuwa mmoja wa watu wa bondeni. Alikuwa mjane, Msabato wa kufa na kupona, mwenye migomba iliyoteremka hadi ukingoni mwa mto, na ulimi ambao ndugu za marehemu baba waliuogopa kuliko mahakama. Baada ya mkutano alinikuta chini ya paa la darasa.

"Umesema vizuri," aliniambia. "Nusu yake sikuelewa, lakini umesema vizuri."

Kisha akatazama ng'ambo. "Na yule mwenzangu hakuniambia kama wamekubali."

Mwenzake alikuwa mama wa Kikipsigis aliyemletea maziwa ya kibuyu kila siku ya soko, naye Mama akampa ndizi. Urafiki wao ulianza kabla sijazaliwa. Wakati vijana wa pande zetu walipokuwa wakiibiana ng'ombe na kutupiana mishale, wao walikuwa wakivuka mto kwa mawe, sketi zimekunjwa, kila mmoja na mzigo wake, wakiwatukana vijana wote bila ubaguzi.

Katika majuma yaliyofuata bonde lilipata maendeleo ambayo halijawahi kuyaona. Ilienea habari kwamba atakayehamishwa atalipwa kwa kila nyumba na kila kaburi. Baba mdogo, ambaye kwa miaka yote alikuwa ameshindwa kuziba tundu la paa lake, alijenga vibanda vinne mfululizo, visivyo na madirisha, milango imeelekea kichakani. Baada ya hapo akaanza makaburi. Alifukia udongo mtupu, akasimika misalaba, akampangia kila marehemu ukoo wake. Mama alipita akasimama.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Shangazi yetu," baba mdogo akajibu bila haya.

"Shangazi yupi? Wote tuliwazika juu kule."

"Huyu alifia mbali."

"Na huku alifika kwa miguu?"

Soko la mpakani lilikuwa Jumapili, siku ambayo Wasabato walifanya biashara kwa raha, Wakatoliki wakiwa misani. Nilikuwa nimetoka mjini kumsalimia Mama, nikamsindikiza. Tulimkuta mama wa maziwa amekwisha kufika, lakini kibuyu kilikuwa bado begani na uso ameukunja. Wao wawili walizungumza lugha yao ya sokoni, Kiswahili kilichotiwa viraka vya Ekegusii na vya Kikipsigis.

"Leo sina maziwa yako," akaanza yule mama. "Enda kunywa maji ya bwawa."

Mama alishusha mkungu wake kwa kishindo. "Bwawa ya nani? Si ni nyinyi mlisema ndiyo? Mmeuza shamba yangu na mimi nakuletea ndizi!"

"Sisi? Ni nyinyi mliuza! Bwana yangu amelala pale chini, kaburi yake itakunywa maji, na wewe ulinyamaza!"

"Mimi nilinyamaza kwa sababu wewe ulikubali!"

"Mimi nilinyamaza kwa sababu wewe ulikubali!"

Watu walikuwa wamekwisha kutuzunguka wakitarajia ngumi. Lakini wale wawili wakatazamana.

"Nani alikwambia sisi tulikubali?" Mama akauliza taratibu.

"Watu ya serikali. Walikuja kwetu wiki ile. Walisema ng'ambo wamekwisha kukubali, tusiachwe nyuma. Wewe nani alikwambia?"

Mama akaninyooshea kidole. "Huyu hapa. Mtoto yangu mwenyewe, na mdomo yake."

Wote wawili wakanigeukia. Nilijitetea kwamba mimi ni mkalimani tu, nilisema niliyoambiwa.

"Redio nayo husema inachoambiwa," Mama akasema. "Ndiyo maana ina kitu cha kuizima."

Mama wa maziwa alicheka kwanza. Alicheka hadi akakiweka kibuyu chini, na Mama naye akacheka, na wale waliongoja ngumi wakatawanyika kwa uchungu. Mimi sikucheka. Nilikuwa naikumbuka sauti ya mkubwa wangu ilivyokuwa tamu alipokuwa akisema uongo ule, na jinsi nilivyojisifu njiani kurudi mjini kwamba nimeutafsiri bila kukosea.

Habari ilivuka mto mara nyingi siku ile. Siku chache baadaye machifu wa pande zote mbili walipokea ujumbe mmoja kutoka kwa watu wao: hakuna tena mkutano wa huku na mkutano wa kule. Ni mkutano mmoja, watu wote, mchana kweupe. Mtaalamu alifurahi aliposikia. Mkubwa wangu alifurahi kwa meno ya mbele tu.

Sasa ukazuka ugomvi wa meza. Machifu walijua kwamba meza ikikaa upande huu, ng'ambo watakuwa wageni, na ikikaa ng'ambo, sisi ndio tutakuwa wageni. Walibishana hadi wakapata suluhisho ambalo ni serikali mbili tu zinaweza kulipata: meza iwekwe katikati ya mto. Kulikuwa kiangazi, maji yalikuwa machache, na palikuwa na jabali bapa katikati. Basi meza ikabebwa, kitambaa kikatandikwa, chupa ya maua ikawekwa. Mkubwa wangu akavua viatu, akakunja suruali ya suti, akavuka akishikwa mikono na polisi wawili kama bibi harusi. Mtaalamu alivuka na soksi zake.

Abagusii walijaa ukingo huu, Wakipsigis ukingo ule. Hakuna aliyesikia kitu. Maji yale machache yalikuwa na kelele kuliko wasemaji wote, na kila hotuba ilibidi ipigiwe ukelele kwa lugha nne. Mkubwa alipaza sauti kuhusu ushirikiano hadi mishipa ya shingo ikamtoka, huku mawimbi madogo yakimchezea vidole vya miguu.

Mama wa maziwa hakungoja zamu ya maswali. Aliingia majini, akaja hadi kwenye jabali, Mama akimfuata. Akamtazama mtaalamu na kusema kwa Kiswahili chake:

"Mimi nauliza kitu moja. Nani alikubali?"

Mtaalamu akamgeukia mkubwa. Mkubwa akatabasamu, akamwambia kwa Kiingereza, "Anakushukuru kwa kuja kutoka mbali."

Mtaalamu akainamisha kichwa kuzipokea shukrani zake. Mama wa maziwa akabaki anangoja jibu, maji yakimfika kwenye goti. Na mimi nilikuwa pale, hatua moja nyuma ya meza, nimebeba viatu vyangu mkononi.

"Hapana, bwana," nilimwambia mtaalamu kwa Kiingereza. "Hakushukuru. Anauliza ni nani aliyekubali. Kule waliambiwa sisi tumekubali, na sisi tuliambiwa wao wamekubali."

Mkubwa alinitazama kama mtu aliyeng'atwa na kiti chake mwenyewe. Mtaalamu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akasema jambo la busara pekee nililolisikia katika mradi ule mzima: basi aliyekubali na ainue mkono.

Tulipiga ukelele kwa lugha zote. Kwenye kingo zote mbili mikono ilibaki chini. Hata watu wa chai waliona aibu, au waliogopa kusukumwa majini. Kisha upande wetu ukainuka mkono mmoja. Alikuwa baba mdogo, aliyedhani wanaulizwa wenye makaburi. Wakati huohuo ng'ambo ukainuka mkono mwingine mmoja, wa mzee mwembamba, na watu wake wakaanza kumcheka wakionyesha vibanda vipya nyuma yake, visivyo na madirisha. Wale wawili walitazamana juu ya mto. Sidhani kama watu wawili wa makabila yetu waliwahi kuelewana vizuri zaidi.

Mtaalamu alifunga mkutano. Njiani kurudi mkubwa hakunisemesha, ila alipofika njia panda ya Nyakoe aliniambia, kwa Kiswahili kizuri ajabu, kwamba ulimi hauna mfupa lakini huvunja kazi. Juma lililofuata nilihamishiwa chumba cha nyuma, mlimowekwa viti vilivyovunjika na mashine za taipu zisizo na herufi zote. Nilikaa humo hadi yeye alipohamishwa. Alipandishwa cheo. Niliambiwa kwamba huko alikokwenda alikuwa akiwafundisha wenzake namna ya kuwashirikisha wananchi.

Bwawa halikujengwa miaka ile. Lakini hakuna aliyekuja kusema kwamba halitajengwa, na hapo ndipo madhara yake yalipoanza. Anayengoja mafuriko hapandi kahawa. Hachimbi choo cha maana. Vijana walioa wakajenga nyumba za muda, na za muda zikazeeka. Mifereji iliziba kwa sababu kila mtu alisema ya nini kuizibua. Bonde lote liliishi kama abiria aliyekwisha kufunga mizigo. Tulizamishwa na maji ambayo hayakuja. Baba mdogo alifungia mbuzi katika vibanda vyake, na mke wake akapanda maboga juu ya shangazi.

Mwishoni mwa muongo ule Mama alichoka kungoja. Alifyatua matofali kwa udongo wa ukingoni, akayachoma mwenyewe, na mama wa maziwa akaja na wanawake wa kwao kumsaidia kuyabeba. Nilimuuliza kama haogopi kwamba siku moja serikali itakuja na maji yake.

"Ikija itanikuta nyumbani," alisema. "Sasa rudi mjini uniletee misumari ya inchi nne. Na usiniletee ile ya rahisi, inapinda."